Wema Kabla Haujajengewa Nyumba

Yerusalemu: ugomvi wa chakula

Kamati ya kwanza katika historia ya Kanisa iliundwa kwa sababu ya ugomvi wa chakula. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 6, hakifichi jambo hilo: wajane wa Kiyahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakirukwa katika mgawo wa kila siku, wenzao waliosema Kiebrania wakipata, na manung'uniko yakawafikia mitume. Wakachaguliwa watu saba wa kusimamia meza. Majina yote saba, kuanzia Stefano na Filipo, ni ya Kiyunani. Kwa maneno mengine, kazi ilikabidhiwa upande uleule uliolalamika. Ulikuwa uamuzi wa haki, na wa kijanja pia.

Watu hugombea kitu kilichopo. Ndani ya miaka michache tangu kusulubiwa kwa Yesu, tayari palikuwa na chakula kilichogawiwa kila siku kwa wanawake wasio na mume wala mwana wa kuwatunza, nacho kilitegemewa kiasi cha watu kununa wakikikosa.

Wazo lenyewe halikuwa jipya. Torati ilimwamuru mkulima asivune pembe za shamba lake, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Mishna, iliyokusanywa mnamo mwaka 200, inaeleza desturi ya miji ya Kiyahudi: chakula cha kila siku kwa mpita njia asiye na kitu, na mfuko wa kila juma kwa maskini wa mji. Wakristo wa kwanza walikuwa Wayahudi, wakaendelea na walichokulia. Kwa Warumi ilikuwa vingine. Tajiri wa Kirumi alitoa sana: alijenga bafu, alilipia michezo, aligawa ngano. Ila aliwapa raia wenzake, ili wampigie makofi na wachonge jina lake kwenye jiwe. Katika jiji la Rumi, Kaisari Augusto aliweka orodha ya wapokeaji wa ngano ya bure wapatao 200,000, na sifa ya kuingia humo ilikuwa uraia. Njaa haikuulizwa. Mjane aliyehamia kutoka mbali, au mtumwa mzee aliyetupwa na bwana wake, hakuwamo.

Sura ya 9 ya kitabu hichohicho inamtaja Tabitha wa Yafa, aliyeitwa pia Dorkasi. Hakuna hotuba yake wala muujiza wake uliosimuliwa. Alishona. Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro kanzu na mavazi aliyowatengenezea. Nguo za namna hiyo tutazikuta tena katika mji mmoja wa Afrika, zaidi ya karne mbili na nusu baadaye, safari hii mikononi mwa serikali.

Njaa ilipoikumba Uyahudi wakati wa Kaisari Klaudio, katika miaka ya 40, waumini wa Antiokia walituma msaada kwa mikono ya Barnaba na Sauli. Katika miaka ya 50 Paulo, ambaye ni Sauli huyohuyo, alizunguka Makedonia, Akaya na Galatia akichangisha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu. Wakorintho aliwaagiza njia rahisi: kila mtu aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma, kadiri alivyofanikiwa. Kilicho kikubwa hapa ni nani aliombwa kumsaidia nani. Wayunani waliombwa kuwalisha Wayahudi ambao hawakuwahi kuwaona, na ambao baadhi yao wasingekubali kula nao meza moja.

Mgeni wa siku ya tatu

Kitabu kidogo kiitwacho Didake kiliandikwa mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa karne ya 2, kikapotea, hadi nakala yake ilipopatikana Konstantinopoli mwaka 1873. Mswahili akikisoma atacheka. Kinaagiza mpita njia apokewe, lakini asikae zaidi ya siku mbili au tatu. Akitaka kubaki, na ana ufundi, afanye kazi ndipo ale. Nabii anayeomba fedha ni wa uongo. Walioandika hayo hawakuwahi kusikia methali yetu ya kumpa mgeni jembe siku ya tatu, ila shida yao ilikuwa ileile: mlango ukiachwa wazi, wajanja nao hupita.

Nao uliachwa wazi kwa sababu. Nyumba za kulipia za njiani zilisifika kwa wizi, kunguni na ukahaba. Mkristo aliyesafiri na barua ya utambulisho kutoka kwa kanisa lake alikuwa na hakika ya kitanda katika miji mingi, na kitanda hicho kilikuwa katika nyumba ya mtu: ya mfinyanzi, ya mjane, ya mtumwa aliyeachwa huru. Makanisa kama majengo hayakuwapo. Kila kilichotolewa kilitoka jikoni kwa mtu fulani.

Mara chache tunawaona watoaji wenyewe, na tunapowaona mara nyingi ni kwa macho ya anayewatesa. Mwaka 112 hivi, Plinio Mdogo, gavana wa Bithinia na Ponto, kaskazini mwa Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Traiano kwamba amewatesa wanawake wawili watumwa ili apate ukweli kuhusu Wakristo. Anaongeza kwamba wanawake hao waliitwa wahudumu. Majina yao hakuona haja ya kuyaandika.

Yustino, mwanafalsafa mzaliwa wa Palestina aliyeishi Rumi, anatupa picha iliyotulia zaidi. Mnamo mwaka 155 alimwandikia Kaisari Antonino Pio akieleza ibada ya Jumapili. Wenye uwezo na nia hutoa wanachotaka, kinachopatikana huwekwa kwa msimamizi, naye huwaangalia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni waliomo mjini. Mashemasi huwapelekea wasiokuwapo sehemu yao ya mkate. Kwa hiyo hata ibada yenyewe haikwisha watu walipotawanyika, maana palikuwa na mtu wa kutembea hadi kwa mgonjwa.

Ushahidi mtamu kuliko wote, hata hivyo, ni wa mtu aliyewacheka. Lusiano wa Samosata, mwandishi wa dhihaka, alisimulia baada ya mwaka 165 kisa cha Peregrino, tapeli aliyejiunga na Wakristo akafungwa gerezani. Alfajiri, asema Lusiano, ungewaona wajane vikongwe na yatima wamekaa karibu na gereza wakimngoja. Viongozi wao waliwahonga walinzi wakalala ndani pamoja naye. Vyakula vililetwa, na wajumbe walifika kutoka miji ya Asia kwa gharama za wote. Lusiano anahitimisha kwamba mjanja yeyote akiingia kwa watu hao hutajirika upesi. Huenda alisema kweli. Magereza ya wakati ule hayakumlisha mfungwa, na asiyekuwa na ndugu nje alikufa njaa. Wajane wale walikuwa wamejipa undugu na mtu wasiyemjua vizuri, na safari hiyo walimpata tapeli.

Karthago, 197

Raia wa kawaida wa dola la Rumi walikuwa na vyama vyao. Mafundi na watumwa walichanga kila mwezi, wakala karamu pamoja, na mmoja akifa chama kilimzika. Msomaji aliyemo katika chama cha kuzikana hahitaji maelezo zaidi: ada, daftari, mweka hazina, faini, na hofu ileile ya kuzikwa na manispaa. Tertuliani, mwandishi mkali wa Karthago, katika Tunisia ya leo, alipowatetea Wakristo mwaka 197 alijua wasomaji wake watalifikiria kanisa kuwa chama cha namna hiyo. Akakubali kwamba wana sanduku na kwamba kila mwezi watu huweka chochote. Kisha akaonyesha tofauti. Hakuna kiwango wala kulazimishwa. Na fedha haziendi kwenye karamu. Zinalisha na kuzika maskini, zinalea watoto wasio na mali wala wazazi, zinawatunza watumwa waliozeeka, waliovunjikiwa na merikebu, na waliohukumiwa kwenda machimboni, visiwani au gerezani kwa ajili ya imani. Asiyechanga kitu naye alizikwa.

Maandishi mengine ya Tertuliani yanafunua zaidi, ingawa nia yake haikuwa hiyo. Akimwandikia mke wake mwanzoni mwa karne ya 3, alimwonya kwamba akifiwa na mume asiolewe na mpagani, kisha akaorodhesha mambo ambayo mume mpagani hatayavumilia: mkewe kuzunguka mitaa kuwatembelea ndugu katika vibanda vya kimaskini, kutoka usiku kwenda kusali, kunyemelea gerezani kubusu minyororo ya wafungwa wa imani, kumpokea mgeni aliyetoka safari na kumfungulia ghala. Alikusudia kuhubiri juu ya ndoa. Bila kukusudia ametuachia ratiba ya juma ya mwanamke Mkristo wa Karthago, nayo ina shughuli nyingi.

Tauni, 249 hadi 262

Mwaka 250 Kaisari Desio aliamuru kila mtu atoe kafara kwa miungu na apate hati ya kuthibitisha. Wakristo wengi walilegea, wengine waliuawa. Wakati huohuo ugonjwa ulikuwa unasambaa. Ulianza kuonekana mnamo 249, ukarudi kwa mawimbi zaidi ya miaka kumi. Sipriani, askofu wa Karthago, ameueleza: kuhara kusikokoma, kutapika, macho kuwa mekundu kama damu, miguu au viungo vingine kuoza, kusikia na kuona kupotea. Historia imeuita ugonjwa huo kwa jina lake, heshima ambayo sidhani aliitaka.

Ponsio, shemasi aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba watu walikimbia, wakawaacha jamaa zao mitaani kana kwamba kumtoa nje anayekufa ni kukitoa nje kifo. Sipriani akawakusanya Wakristo. Aliwaambia kuwatendea mema watu wao tu si ajabu, maana hata watoza ushuru hufanya hivyo. Wawaendee na wapagani, pamoja na wale waliokuwa wakiwasaka. Kazi ikagawanywa kwa uwezo. Wenye fedha walitoa fedha, na maskini walitoa mikono yao, kitu ambacho Ponsio anakiona cha thamani kuliko fedha.

Aleksandria hali ilikuwa hivyohivyo. Askofu Dionisi aliandika kwamba mapadri, mashemasi na walei waliwauguza wagonjwa, wakawaosha, wakawafumba macho, wakawabeba maiti mabegani, na muda si mrefu wengi wao wakabebwa vivyo hivyo. Wapagani, asema, waliwatupa barabarani wakiwa nusu hai. Dionisi alikuwa askofu, na askofu akilisifu kundi lake huongeza chumvi. Bila shaka walikuwako wapagani waliowauguza wana wao, na Wakristo waliokimbia. Lakini utaratibu wa kuwauguza wasio jamaa, watu kwa makumi wakijua zamu zao, hatuusomi kwa upande wa pili.

Mwaka 1996 mwanasosholojia wa Marekani Rodney Stark alitoa hoja kwamba uuguzi wa kawaida, usio na dawa, uliwaokoa Wakristo wengi kuliko majirani zao, na kwamba hii ni sababu mojawapo ya kuongezeka kwao. Hesabu zake zinabishaniwa. Kiini chake kinaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa wa kipindupindu: maji, uji, nguo safi na mtu wa kumgeuza kitandani huamua mengi.

Sipriani mwenyewe anavutia zaidi katika barua zake ndogo. Askofu mwenzake, Eukrasio, alimwuliza afanye nini na mwigizaji aliyeacha jukwaa baada ya kuamini lakini bado anawafundisha vijana uigizaji apate kula. Sipriani akajibu kwamba aiache kazi hiyo, na kanisa limlishe chakula cha kawaida pamoja na maskini wengine. Na kama kanisa la huko halina uwezo, aje Karthago. Katika barua nyingine, wavamizi walipowateka Wakristo wa Numidia, anatuma sesterse 100,000 za kuwakomboa, pamoja na majina ya waliochanga ili waombewe. Tarehe 14 Septemba 258 alikatwa kichwa. Mwezi mmoja nyuma yake, tarehe 10 Agosti, Rumi ilikuwa imemwua shemasi Laurenti. Simulizi ya baadaye inasema alipotakiwa kuleta hazina ya kanisa aliwaleta maskini. Hatuwezi kuithibitisha, lakini iliwezekana kusadikika, kwa sababu shemasi wa Rumi kweli alikuwa na orodha yao.

Orodha mbili: 251 na 303

Orodha ya Rumi tunaifahamu kutoka barua ya Papa Kornelio ya mwaka 251. Katika jiji hilo, anaandika, kuna mapadri 46, mashemasi 7, mashemasi wadogo 7, waakoliti 42, na wapunga pepo, wasomaji na mabawabu 52. Na wajane na watu wenye dhiki zaidi ya 1,500, wote wakilishwa. Tazama uwiano wake. Kanisa lisilo na haki ya kisheria, ambalo papa wake aliyetangulia aliuawa mwaka mmoja nyuma, lilikuwa linatunza watu kama kumi kwa kila mwenye daraja mmoja.

Orodha ya pili ni ya karani wa serikali. Kaisari Dioklesiano aliamuru mwaka 303 makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Tarehe 19 Mei, Munatius Felix, msimamizi wa mji wa Sirta (Constantine ya Algeria ya leo), aliingia na watu wake katika nyumba walimokutania Wakristo. Karani akaandika: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, taa, kisha kanzu za wanawake 82, shela 38, kanzu za wanaume 16, viatu vya wanaume jozi 13, viatu vya wanawake jozi 47. Katika chumba cha kulia walikuta mapipa na mitungi. Hati hiyo ilinusurika kwa sababu ilisomwa mahakamani mwaka 320, Wakristo wenyewe wakishtakiana ni nani aliyesalimisha mali.

Mimi huirudia orodha hiyo kuliko mahubiri mengi ya karne zile. Hakuna aliyeiandika ili kumpendeza mtu. Kanzu 82 za wanawake dhidi ya 16 za wanaume zinasema ni nani waliokuwa wakibisha mlango, na viatu vinasema kwamba mtu alikumbuka miguu yao.

Thebe, 312

Mwaka 312 hivi, dola lilikamata vijana wa Misri kwa ajili ya jeshi. Kijana mmoja wa miaka ishirini hivi, Pakomi, asiye Mkristo, alifungiwa na wenzake katika gereza la Thebe, Luxor ya leo, wakingoja mashua. Jioni watu wa mji wakaja na chakula na vinywaji, wakawalazimisha wafungwa kula. Pakomi aliuliza ni akina nani hao wanaowatendea mema wasiowajua. Akaambiwa ni Wakristo. Vita vikaisha, akaachiwa mwaka uliofuata, akaenda kijiji cha Sheneset akabatizwa, na kwa muda akaishi akiwatumikia wanakijiji na kuwakatia kuni wagonjwa. Baadaye, huko Tabenisi, alianzisha maisha ya pamoja ya wamonaki, na mfano wake ulienea hadi Ulaya.

Waliobeba vyungu jioni ile hawakujulikana majina. Walirudi makwao wakidhani wamelisha makuruta.

Fedha zinaingia, 313 hadi 363

Baada ya mapatano ya Milano ya 313, yaliyowapa Wakristo uhuru wa kuabudu, mambo yalibadilika upesi. Kaisari Konstantino alilirudishia Kanisa mali, akawasamehe makleri mizigo ya kiserikali, na mwaka 321 akaruhusu watu kuliachia Kanisa urithi. Miji ilipewa ngano kwa ajili ya wajane na makleri. Askofu akawa mtu mkubwa, na sehemu ya ukubwa wake ikawa ni kuitwa mpenda maskini. Kilichokuwa kazi ya mtaa kilianza kupata ofisi, daftari na bajeti.

Aliyeona haraka nguvu ya jambo hili ni Juliani, wa ukoo wa Konstantino, aliyeurudia upagani na kutawala kuanzia 361. Barua iliyohifadhiwa na mwanahistoria Sozomeni inamwonyesha akimwagiza Arsakio, kuhani mkuu wa Galatia, ajenge nyumba za wageni katika kila mji. Anamtengea kila mwaka modio 30,000 za ngano, kila modio kama lita 9, na vipimo 60,000 vya divai. Sehemu ya tano iwaendee maskini wanaowatumikia makuhani, na iliyobaki wageni na ombaomba. Sababu anaitaja wazi: ni aibu Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, kulisha maskini wao na wa wapagani pia. Wapo wataalamu wanaoshuku kama barua ni ya Juliani mwenyewe, lakini Gregori wa Nazianzo, aliyeishi wakati huo na kumchukia, naye anataja mpango wake wa kujenga nyumba za namna hiyo. Juliani alikufa vitani Uajemi Juni 363 na mpango ukafa naye. Ngano ingepatikana. Yule mwanamke wa Karthago anayezunguka vibanda, hakuna kaisari aliyeweza kumtoa kwa amri.

Kaisaria, 369 hadi 379

Ukame wa mwaka 368 uliiletea Kapadokia njaa kali. Kaisaria, Kayseri ya leo, iko mbali na bahari, na ngano haikuweza kuletwa kwa meli. Wenye ghala walifunga milango wakingoja bei ipande. Basili, padri wa miaka kama arobaini kutoka familia ya mashamba makubwa, aliwahubiria hao wenye ghala kwa ukali ambao hata leo unamfanya msomaji atazame kabati lake. Kisha akauza urithi wake. Gregori wa Nazianzo, rafiki yake, anasimulia kwamba aliwakusanya wenye njaa mahali pamoja, wanaume, wanawake na watoto, akaweka masufuria ya mchuzi wa njegere na nyama iliyotiwa chumvi, akajifunga kitambaa akawapakulia yeye na watumishi wake.

Dada yake mkubwa, Makrina, alifanya vingine huko Ponto. Alipita barabarani akiokota wasichana waliotupwa na wazazi wasio na chakula, akawapeleka nyumbani kwake, akawalea. Alipokufa mwaka 379 walimlilia kama mama, mdogo wake Gregori wa Nisa akisikia. Basili amepewa sikukuu, vitabu na sanamu nyingi. Wasichana wale tunawasikia katika sentensi moja au mbili.

Mwaka 370 Basili alifanywa askofu, na nje ya mji akaanza kujenga. Palikuwa na kanisa, makazi, nyumba za wasafiri, mahali pa wagonjwa, waganga, wauguzi, karakana na wanyama wa mizigo. Gavana Elia akapelekewa mashtaka, na Basili akamjibu kwa barua, akimwuliza ni nani anayeathirika kwa ujenzi huo. Wenye ukoma, waliokuwa wakifukuzwa sokoni na visimani, walipata kitanda, na Gregori wa Nazianzo anasema askofu mwenyewe aliwakumbatia. Gregori huyo alipaita mahali hapo mji mpya. Watu wakauita Basiliasi.

Wazo lilisambaa upesi. Mnamo 373, njaa ilipoipiga Edesa, shemasi Efremu alichukua fedha za matajiri akapanga vitanda 300 kwenye baraza za mji. Kabla ya mwaka 399 Fabiola, tajiri wa Rumi, alifungua nyumba ya wagonjwa na, kwa maelezo ya Jeromu, aliwabeba mwenyewe mabegani. Hospitali za misheni tulizozaliwa humo wengi wetu wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa nyumba hizo, pamoja na madaftari yake.

Mtu mwenye ukoma wa mwaka 375 asingekubali kuambiwa kwamba zamani ilikuwa bora. Majirani hawakuwahi kumpa kitanda. Ila nyumba ilipojengwa, jirani naye alipata pa kumwelekeza ombaomba.

Konstantinopoli na barabara ya Kukuso, 398 hadi 404

Yohane Krisostomo aliliona hilo kutoka ndani. Akiwa padri Antiokia, mji wake wa kuzaliwa, aliwaambia waumini kwamba kanisa lao, lenye mapato ya tajiri mmoja wa daraja la chini, linawalisha kila siku wajane na mabikira 3,000, mbali na wafungwa, wagonjwa na wageni. Matajiri kumi tu wakitoa hivyo, asingebaki maskini mjini. Waliomsikiliza walipiga makofi, kwa maana ndiyo ilikuwa desturi kanisani, kisha wakaenda zao.

Mwaka 398 akafanywa askofu wa Konstantinopoli. Mwandishi wa maisha yake, Paladio, anasema alikagua hesabu za nyumba ya askofu, akakata matumizi ya anasa na kuyahamishia hospitali. Fedha zilipozidi akajenga hospitali nyingine, akaweka mapadri wawili wa kuzisimamia, waganga na wapishi. Basi hakuwa mpinzani wa majengo.

Hata hivyo, akihubiri juu ya Matendo ya Mitume miaka ya 400 na 401, aliwakemea wanaosema kanisa lina nyumba ya wageni. Kama ni hivyo, aliwauliza, mapadri wakisali ninyi hamna haja ya kusali? Akawataka kila mmoja atenge chumba kimoja nyumbani kwake kwa ajili ya maskini na asiye na makao. Kama hawawezi kumhudumia wenyewe, wamweke mtumishi mwema. Mna nafasi ya magari na farasi, aliwaambia, na Kristo anazurura nje. Kwa jinsi alivyoendelea kulalamika, vyumba havikutengwa vingi.

Ulimi wake ulimponza. Malkia Eudoksia na Theofilo, askofu wa Aleksandria, walimwandama, na Juni 404 akapelekwa uhamishoni Kukuso, mji mdogo wa milimani mashariki. Njia ilipitia Kaisaria. Aliingia katika mji wa Basili akiwa na homa kali, na habari iliyobaki tunaisoma katika barua yake kwa Olimpia, mjane na shemasi aliyekuwa rafiki yake Konstantinopoli. Waganga walikuja kumtibu, na watu wa kawaida walimpokea kwa furaha. Askofu wa mji, Faretrio, hakujitokeza. Badala yake likaja kundi la wamonaki likatishia kuichoma nyumba aliyolala asipoondoka, hata askari wa msafara wakaogopa. Nje ya mji majambazi wa Isauria walikuwa wanapora. Mchana wa jua kali akatolewa kitandani akatiwa katika machela, umati ukilia.

Mwanamke aitwaye Seleukia, mke wa Rufino, akatuma watu kumsihi akae katika nyumba yake ya shamba, maili tano kutoka mjini. Alimwagiza msimamizi wake akusanye vibarua wa mashamba yake mengine wapambane na wamonaki wakija. Faretrio akamtisha mpaka akashindwa. Akiona haya kukiri, usiku wa manane alimtuma padri Evethio amwamshe mgeni kwamba wavamizi wanakuja. Yohane akaondoka gizani, usiku usio na mwezi. Nyumbu akapiga magoti, machela ikapinduka, na Evethio akamshika mkono akamkokota kwa miguu kati ya mawe.

Huko Kukuso palikuwa na mtu aitwaye Dioskoro. Alikuwa amekwisha kumtuma mtumishi hadi Kaisaria kumwomba mfungwa huyo asikubali nyumba nyingine ila yake. Yohane alipofika alikuta Dioskoro ameshahamia kwingine ili kumwachia nafasi, na mafundi wakiitengeneza nyumba isiingize baridi.